Kisanduku Kinachosema Basi

Kila asubuhi, kabla ya kupima uzito wa watoto, nesi aliingia chumba cha betri na chupa ya dripu mkononi. Alifungua vifuniko kimoja kimoja kwa ukingo wa sarafu, akachungulia ndani, na palipokauka akamimina. Betri zilipangwa juu ya ubao kando ya ukuta, zimevimba ubavuni, na vichwa vyake vimeota ukoko mweupe. Chumba kilinuka mayai viza. Nesi aliizoea harufu ile kiasi kwamba siku ilipokosekana alidhani ana mafua.

Maji yenyewe ya betri hayakuwa yakipatikana. Shemeji yake, fundi wa sola, mdogo wa marehemu mumewe, alikwisha kumwambia zaidi ya mara moja kwamba maji ya dripu yana chumvi, na chumvi ile inaua betri.

"Watu wanapona nayo," nesi alisema.

"Betri si mtu, shemeji."

"Basi niletee maji yake."

Fundi hakuleta, kwa hiyo nesi akaendelea. Katika zahanati nzima hapakuwa na maji safi kuliko yale, na kazi yake ilikuwa imemfundisha hivyo: kitu kikikauka, kikapata joto na kuanza kunuka, unakipa maji.

Zamani palikuwa na kisanduku. Kilikuwa kidogo, cha kijivu, kimefungwa ukutani juu ya betri, na fundi alikiita kontrola. Kilikuwa na kazi mbili tu. Betri zikijaa, kilizuia jua lisiingie zaidi. Zikikaribia kwisha, kilizuia watu wasichukue zaidi. Kila kilipozuia kilitoa mlio mdogo, tk, kama mtu anayegonga ulimi kwa kuchoshwa, na wagonjwa waliokuwa kwenye benchi walisema, "Kimesema basi."

Mwenyekiti wa kamati ya zahanati alikuwa na duka ng'ambo ya ua, na dukani mlikuwa na friza ya soda. Waya mweusi ulitoka chumba cha betri, ukapita juu ya ua, ukaingia kwenye duka kupitia tundu la dirisha. Haukufichwa. Majirani walianikia nguo juu yake. Friza haikuwa sehemu ya zahanati, lakini mwenyekiti alikuwa mwenyekiti, na mambo yalikaa hivyo bila mtu kuyakalisha.

Shida ilikuwa jioni. Jua likishatua, friza ikavuta na kuvuta, kisanduku kilisema basi, na soda zikawa vuguvugu kama maji ya kuoshea vyombo. Mwenyekiti akapeleka jambo hilo kwenye kikao.

"Kisanduku hiki kina mkono wa birika," alisema. "Jua ni la bure. Nani amekituma kitunyime kitu cha bure?"

Kamati ikacheka, halafu ikaona kuwa haukuwa mzaha. Wengi walikuwa wakiamini tangu siku nyingi kwamba kisanduku kinakula umeme chenyewe, maana kilikuwa na taa na taa hazili hewa. Fundi akaitwa, akakifungua ukutani, akaunga waya moja kwa moja, paneli kwenye betri, betri kwenye friza. Alijua alichokuwa akikifanya. Alijua pia kwamba hapakuwa na kazi ya sola mjini pale isiyopitia mdomoni kwa mwenyekiti, na nyumbani kwake watu walikula kila siku. Si wa kumlaumu sana, ingawa kidogo anastahili.

Tangu hapo betri zilijazwa mchana mpaka zikachemka, na jioni zikakamuliwa mpaka tone la mwisho. Taa ya chumba cha kujifungulia ikawa inazima inapojisikia. Mwanamke mmoja alitokwa na damu taa ilipozima, na nesi alipoipata tochi hapakuwa na haja ya tochi tena. Mwenyekiti alihudhuria mazishi. Alileta kreti mbili za soda, na watu walikiri zilikuwa baridi sana.

Nesi alikuwa na binti mmoja, fundi cherehani, aliyeolewa mji mwingine, mwendo wa siku nzima kwa gari. Binti alikuwa na mimba ya kwanza. Habari za yule marehemu zilimfikia, naye akapiga simu.

"Mama, siku yangu ikifika utakuja?"

"Nitakuja. Nitakupokelea mtoto kwa mikono yangu."

"Niahidi."

"Nimekuahidi," nesi alisema. Alikuwa amewapokea watoto wa mji mzima, wengine wao sasa walikuwa wakimsalimia kwa sauti nzito njiani, na hakuwa na ombi jingine duniani zaidi ya kumpokea huyo mmoja.

Wiki chache baadaye jua lilihama.

Ilikuwa mchana wa mbingu nyeupe, hakuna wingu. Betri zilikuwa zikichemka kwa sauti. Nesi aliingia na chupa yake, na kabla ya kufungua vifuniko akaweka viganja viwili juu ya vichwa vya betri mbili, kama anavyoweka juu ya paji la uso la mtoto mwenye homa. Mchemko ukakoma. Betri zikapoa moja baada ya nyingine mpaka ya mwisho ukutani. Nesi alihisi kitu kikimshukia kama chai ya moto kwenye tumbo tupu, kisha ncha za vidole zikafa ganzi. Akafuta mikono kwenye aproni, akafunga mlango, akaenda kula.

Jioni ile aliletwa mke wa mwashi, uchungu umeshamkolea. Taa ikazima. Nesi akanyoosha mkono gizani kutafuta tochi, na mkono ukawaka. Ukawaka na wa pili. Ulikuwa mwanga mweupe, wa saa sita mchana, usiotikisika.

"Nesi, sogeza mkono kidogo," mke wa mwashi alisema. "Unaniumiza macho."

Nesi akausogeza. Mtoto alizaliwa salama, wa kiume. Mama mkwe wa mzazi alimkagua mjukuu vidole vyote, akasema mwaka huu zahanati imejitahidi.

Asubuhi fundi alikuja na mita yake ya kupimia umeme. Betri zote zilikuwa zimekufa, sindano haikunyanyuka hata kidogo. Akamwomba shemeji yake mikono, akagusisha ncha moja kwenye kila dole gumba. Sindano ikapanda mpaka ikagonga mwisho wa kioo.

"Umejaa kupita kiasi," alisema. "Betri ikifika hapa inatakiwa izuiwe."

"Inazuiwa na nini?"

Fundi alitazama ukutani, pale palipobaki matundu manne ya misumari ya kisanduku. Akakunja waya za mita yake taratibu zaidi kuliko ilivyohitajika.

Kamati ilikaa siku hiyo hiyo. Kulikuwa na hoja ya kununua betri mpya, ikaondolewa, kwani haikuwa na maana tena. Nesi alishukuriwa kwa moyo wake wa kujitolea, akapigiwa makofi. Fundi akatoa waya za paneli kwenye zile betri zilizokufa akazileta mpaka kwenye kiti cha nesi, akaziwekea vibano, chekundu mkono wa kulia, cheusi mkono wa kushoto. Waya mweusi wa ng'ambo ya ua akaufunga kwenye kifundo cha mguu, mahali ambapo hautamsumbua akikaa.

Watu walizoea upesi. Nesi alichoma sindano, akapima mapigo ya moyo, akawaambia akina mama wanyonyeshe, waya zikimfuata sakafuni. Watoto walifundishwa kuziruka. Jioni aliwasha mikono wanawake wakajifungua bila wasiwasi, na hakuna aliyekufa tena kwa sababu ya giza. Ukweli huo usemwe. Soda nazo zilikuwa baridi kutwa kucha.

Lakini jua halikujua kupunguza. Nesi alikuwa akijaa kabla benchi la wagonjwa halijaisha, na bado jua likaingia, mchana mzima, likiingia juu ya lile lililokwisha kuingia. Akaanza kuvimba, kwanza miguu, kisha ubavu. Kwenye kucha pakaota ukoko mweupe, akawa anaukwangua kwa kisu kabla ya kugusa mgonjwa. Alikuwa na kiu isiyokatika. Alimaliza mtungi wa maji kabla ya saa nne asubuhi, na mtungi ulipokauka alikunywa chupa za dripu.

"Chumvi ile, shemeji," fundi alisema siku moja, lakini hakumalizia.

Usingizi ulimkimbia. Akifumba macho, mwanga ulikuwa ndani ya macho. Akijifunika blanketi, chini ya blanketi ilikuwa saa sita mchana. Kuku wa jirani walihamia chini ya dirisha lake wakawa wanataga mfululizo bila kujua siku imeisha, na jirani alimletea trei ya mayai kwa shukrani. Nesi aliyapokea. Ganzi ilikuwa imeshapita viwiko, na hasira, ambayo zamani alikuwa nayo ya kutosha, hakuiona tena ilipokuwa imekaa. Jambo moja tu lilikuwa bado na makali ndani yake. Mwezi wa binti yake ulikuwa umeingia.

Alikwenda dukani kwa mwenyekiti mchana, ameshikilia waya mkononi kama mtu anayeongoza mbuzi. Mwenyekiti alikuwa akifuta chupa.

"Nataka likizo," nesi alisema. "Mwanangu anajifungua."

"Likizo ni haki yako, mama. Mimi si mtu wa kumnyima mtu haki yake. Lakini nikuulize. Ukiondoka, mzazi atakayeletwa hapa jioni nimwambie nini?"

"Mwambie ulichowaambia wafiwa kwenye yale mazishi."

Mwenyekiti alichukua chupa nyingine akaifuta. Hakuwa na tabia ya kukasirika ovyo.

"Basi rudisheni kisanduku," nesi alisema. "Nikijaa kinizuie. Nikikaribia kwisha kinizuie. Mniletee na betri mbili tu, nizijaze niwaachie, niende nirudi."

"Kisanduku kitakubania. Utakuwa unatumika nusu nusu. Mtu mwenye uwezo kama wako?"

Alilisema kwa heshima, na inawezekana aliamini. Nesi akamgeukia shemeji yake, aliyekuwa juu ya ngazi akifunga taa ya pili mbele ya duka. Fundi alikuwa ameshikilia skrubu mbili kwa meno. Mwenye skrubu mdomoni hawezi kusema kitu, na aliendelea kuwa nazo mpaka nesi alipoondoka.

Nesi akampigia simu binti yake.

"Sitaweza kuja, mwanangu."

Upande wa pili cherehani ilisikika ikisimama.

"Basi nitakuja mimi," binti alisema.

Nesi alitaka kumwambia asije. Ulimi ulikuwa umekauka ukagandamana na kaakaa, na alipopata maji ya kuulainisha simu ilikuwa imekatika.

Binti alifika kwenye kiti cha mbele cha gari la mizigo, na begi la nguo za mtoto mapajani. Alimkuta mama yake kwenye kiti chake, akimfunga bandeji mtu aliyejikata mguu kwa jembe. Akasubiri zamu yake kwenye benchi kama wengine.

"Mama, umenenepa."

"Si unene. Ni jua."

Binti akamshika mkono, akauachia kwa sababu ulikuwa wa moto, akaushika tena. Aliutazama waya wa mguuni, akaufuata kwa macho mpaka dirishani, juu ya ua, chini ya shuka za watu zilizoanikwa.

"Hawakuachi hata ukalala?"

"Wananiacha. Mimi ndiye siwezi."

Uchungu ulimshika binti siku ya tatu alasiri, na jua lilipokuwa linatua mtoto akaanza kuja. Nesi aliwasha mikono. Alikuwa amejaa kuliko siku zote. Chumba kikawa mchana wa kiangazi, kuta zikatoa joto, mijusi wakatoka kwenye nyufa wakidhani kumekucha. Binti alijifunika macho kwa kitambaa cha maji. Nesi alimwambia sukuma, akamwambia pumzika, akamwambia sukuma tena, kwa sauti ile ile aliyowaambia wengine wote.

Mtoto alitoka akiwa mzima, wa kike, akilia kwa nguvu. Nesi alimpokea. Alimwona mjukuu wake viganjani, amelowa, anapiga mateke, na viganja havikumwambia kitu. Angeweza kuwa ameshika taulo.

"Simpati," nesi alisema.

Binti akaondoa kitambaa machoni. "Nani, mama? Si huyo analia?"

"Yupo. Mzima kabisa. Nimemshika lakini mikono haina habari."

Iliuma. Kwa miezi kadhaa hakukuwa na kilichomuuma, na hicho kiliuma mpaka akataka kulia, lakini machozi yalikauka kabla ya kufika kwenye kope yakaacha chumvi. Akafunga kitovu. Akakata. Akamlaza mtoto kifuani kwa mama yake, akamfunika vizuri.

Ng'ambo ya ua friza ilinguruma, kwani ilikuwa saa ya watu kununua. Mwanga wa nesi ukaanza kushuka, kutoka mabegani kuja viganjani, ukawa wa njano, ukawa mwekundu. Akakaa sakafuni akiegemea mguu wa kitanda. Chumba kikawa giza, na mijusi wakarudi.

Hakufa. Hilo lisemwe mapema watu wasisumbuke. Asubuhi fundi alimfunga vibano, akajaa vizuri, akawaka vizuri, na saa kumi jioni akawa amezima. Siku iliyofuata alizima saa nane. Siku iliyofuata hakuvuka adhuhuri. Fundi akamgusisha mita kwenye madole gumba, akasubiri.

"Hashiki chaji tena," akaiambia kamati.

Kamati ilisikitika. Mjumbe mmoja alikumbusha jinsi alivyokuwa akifanya kazi. Kiti chake kilihitajika, kwa hiyo walimwekea kitanda stoo, pamoja na zile betri za zamani, mahali pakavu pasipo dirisha. Mnunuzi wa chuma chakavu alipopita alizibeba betri zote. Alimtazama na nesi, akamwinua mkono kidogo kukisia uzito, akasema huyu hana madini ya risasi ndani, hatamfaa. Akamuaga kwa adabu, akaenda.

Binti alikuwa bado yupo. Alikuwa na mtoto mchanga, na mama wa kulishwa kwa kijiko, na safari ya siku nzima haikuwezekana. Kamati ikamwita. Walimpongeza kwa mtoto. Wakauliza kama analala vizuri, naye akasema tangu ajifungue hajasinzia, akifumba macho anaona kweupe. Wajumbe wakatazamana. Fundi akatoa mita.

"Nipe mikono, mwanangu," alisema.

"Ya nini, baba mdogo?"

"Nataka kuona tu."

Alimpa. Sindano ikapanda polepole, ikapita katikati, ikaendelea. Mwenyekiti akainamisha kichwa kwa kuridhika na kusema damu si kitu cha mchezo. Jana yake alikuwa ameletwa mwanamke mwenye mapacha, akalazwa kwenye kitanda kile kile alichojifungulia binti, na jioni ilikuwa inakuja. Wote waliokuwa pale walijua. Binti alijua kuliko wote, kwa sababu mwanamke huyo alikuwa amemshika nguo akamwuliza kama taa ipo.

"Kile kisanduku alichokuwa akikisema mama," binti alisema, "kiko wapi?"

Fundi aliinamia mita yake.

"Kipo," mwenyekiti alisema. "Kipo dukani. Kiko chini ya mguu wa friza. Sakafu ile haikunyooka, na kikitolewa friza itayumba."

Wajumbe wakakubali kwa vichwa. Ilikuwa kweli, sakafu ile haikunyooka. Wengi wao walikuwa wamekiona pale kila walipokwenda kununua soda.

Binti akaenda stoo na mtoto mgongoni. Mama yake alikuwa amelala chali gizani, uvimbe umeshuka, ngozi imelegea. Alikuwa macho, lakini kwa shida.

"Mama. Wanataka nikae kwenye kiti chako."

Giza lilikuwa zuri. Hakuwa ameliona giza kamili tangu siku ile ya viganja, na lilikuwa likimvuta kama godoro.

"Kuna mzazi?" aliuliza.

"Yupo. Ana mapacha."

"Ukikaa," nesi alisema, "ukishajaa, sema basi."

"Nikisema, watasikia?"

Nesi alikuwa amelala usingizi, wa kwanza baada ya miezi mingi, mdomo wazi, akikoroma kidogo. Binti alimvutia shuka mpaka kidevuni. Akamfungua mtoto mgongoni, akamlaza kando ya bibi yake, upande wa ukuta asianguke. Kisha akatoka, akanawa mikono, akaenda kukaa kwenye kiti, na fundi akapiga magoti akamfunga waya mweusi kwenye kifundo cha mguu, mahali ambapo hautamsumbua.